Kupalilia Kaburi la Mchina

Mwano ni ukelele wa hatari. Mmoja anaupiga, wa pili anaupokea kutoka shamba la mbele, wa tatu anausukuma mbali zaidi, mpaka kijiji kizima kinalia kwa koo moja. Nilizaliwa Ushetu, kwenye tumbaku, na kabla sijajua kusoma nilijua kwamba mwano ukilia unaacha jembe ardhini na ugali mezani, unachukua fimbo na kukimbilia unakotoka. Asiyekwenda hutozwa faini, na siku yake ikifika hatapata wa kumkimbilia. Nimeukimbilia mwano mara nyingi maishani. Sikuwahi kuwaza kwamba siku moja utapigwa kwa sababu yangu, nikiwa nimesimama makaburini na shangazi yangu ameshika jembe.

Ilianzia Kahama. Nilikuwa nimerudi kutoka machimbo ya kusini bila kitu, nikilala kwenye gesti ya rafiki yangu karibu na stendi ya mabasi. Mimi sijawahi kukaa mahali nikazoea. Nikifika pahala naanza kukumbuka pale nilipotoka, na nikirudi nilipotoka nakuta si penyewe. Asubuhi moja rafiki yangu aligonga mlango.

"Kuna Mchina anatafuta mtu anayeyajua machimbo ya zamani," alisema. "Wewe si umelala kwenye kila shimo la nchi hii?"

"Mengine yalinitapika."

"Basi kamwonyeshe yaliyokutapika. Amka."

Hakuwa Mchina. Alikuwa mwanamke wa Korea, mwalimu na mtafiti wa chuo kikuu, mwenye miaka thelathini na kitu, amevaa kofia pana na viatu vya kupandia mlima. Kiswahili alikisomea kwao, darasani, na kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Pale tunaposema "lete chai", yeye alisema "ningefurahi kupata chai". Mhudumu alimwangalia mara mbili kabla ya kuondoka.

Kazi yake ilikuwa kuwafuatilia Wakorea waliotoka kwao wasirudi. Alinieleza kwa utulivu, akikunja chapati kama anakunja nguo. Wako waliovuka mto wa kaskazini kwenda kulima nchi ya watu. Wako waliopakiwa kwenye matreni na kushushwa kwenye nyika za Asia ya Kati. Wengine walikwenda kukata miwa Hawaii, wengine walipelekwa kuchimba makaa ya mawe Japani, na baadaye wengine Ujerumani. Babu yake mwenyewe alikuwa mchimbaji wa makaa huko Ujerumani, akarudi na kifua kilichopiga mluzi hadi alipokufa. Hao wote vitabu vimewaandika. Yeye alikuwa anatafuta wale wa mmoja mmoja, waliofika Afrika kwa njia zao.

"Nikiuliza Wakorea, watu wanasema hawajawahi kuwaona," alisema. "Nikiuliza Wachina, wananionyesha kaburi. Wamezikwa kwa kabila la watu wengine."

 Nikamwambia kwamba kuna kaburi moja la Mchina nalifahamu, kijijini kwa shangazi yangu, na tangu siku hiyo nimejiuliza ningepungukiwa nini kama ningenyamaza.

Alitoa picha. Ilikuwa ya kijana aliyeegemea meli, mkono wake wa kushoto ukionekana wazi, kidole cha mwisho kimekatika nusu. Alikuwa baharia kwenye meli ya uvuvi, akaiacha meli bandarini, na mara ya mwisho kusikika alikuwa Mwanza, miaka ya rashi, dhahabu ilipokuwa inawavuta watu kama taa inavyovuta kumbikumbi. Dada yake alikuwa bado hai huko Korea, mzee sana. Aliomba kitu kimoja: kama kaburi litapatikana, likatwe majani, kisha aletewe udongo wake kidogo akauweke kwenye kaburi la wazazi wao. Kwao kaburi lenye majani marefu ni fedheha ya ukoo. Kila mwaka, kabla ya sikukuu ya mavuno, watu husafiri kutoka mijini kwenda kufyeka makaburi ya wazee wao.

Shangazi yangu aliishi kijiji kimoja kati ya Kahama na Geita. Alikwenda huko wakati wa rashi kuwapikia wachimbaji, na rashi ilipokwisha wengine wakahama, yeye akabaki. Maduara, yaani yale mashimo ya kuchimbia, yalikuwa yamezungushiwa miiba ili ng'ombe wasitumbukie. Mashine ya kusagia mawe ilikuwa imekaa na kutu, kuku wakitagia ndani yake.

Tulipofika alitoka jikoni akijifuta mikono, na kitu cha kwanza nilichoona ni macho yake. Yalikuwa mekundu. Moshi wa miaka mingi, kuni na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, huwafanyia hivyo akina mama wote wa kwetu wanaozeeka. Lakini kwetu jicho jekundu la mama mzee anayeishi peke yake halisomwi kama moshi. Nilipokuwa mdogo, bibi mmoja jirani yetu alikutwa asubuhi mlangoni pake, amekatwa. Walisema ana macho ya kichawi. Watoto tulikatazwa kwenda kuangalia. Tulikwenda. Tangu hapo nikiona mama mzee mwenye macho mekundu naangalia kwanza kama mlango wake una komeo.

Mlango wa shangazi ulifungwa kwa kamba.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu kwa Kisukuma.

"Mhola, baba. Umekonda. Huyu ndiye aliyekukondesha?"

Mtafiti alipiga goti nusu na kusema shikamoo. Shangazi aliitikia marahaba, akamtazama usoni kwa muda mrefu, kisha akaiona picha. Hakuishika. Alikionyesha tu kile kidole nusu.

"Huyu alikuwa anatengeneza pampu za maji ya shimoni. Alikula kwangu. Aliweka pilipili kwenye ugali mpaka machozi yakamtoka, na bado akaomba nyingine. Malaria ilimkamata kwenye kile chumba pale. Nilimfumba macho mimi."

Alituambia tulale, twende kaburini asubuhi. "Mkirudi nina kitu cha kumwonjesha mgeni," alisema, akacheka peke yake.

Hapo ndipo nilipokosea. Kibali cha utafiti tulikuwa nacho, kimepigwa muhuri na kata. Lakini kijiji kina sungusungu, walinzi wa jadi, na sungusungu wana mtemi wao, na mtu wa kwetu yeyote anajua kwamba mgeni hupelekwa kwa mtemi kabla hajalala usingizi wa kwanza. Mimi nilijiona niko nyumbani kwa shangazi yangu. Mtu aliyetangatanga sana husahau kwamba kila anapokwenda, hata kwao, yeye ni mgeni.

Makaburi ya wachimbaji yako kando ya korongo. Mengi yalikuwa yamezama, hujui nani yuko wapi. Moja tu lilikuwa safi, limezungushiwa mawe meupe ya kwarzi. Shangazi alilipalilia kila msimu, alfajiri, kabla watu hawajaamka, kwa kuwa aliona haya kuulizwa.

Majani machache ya mvua mpya yalikuwa yamechipua. Mtafiti alitoa mundu alioununua Kahama akaanza kuyafyeka, taratibu, kama mtu anayemnyoa mgonjwa. Alipomaliza alisimama na kuomba kwa sauti ndogo. Shangazi akachukua jembe, akachimba upande wa kichwani, udongo wa kujaza kikopo kimoja.

Ng'ambo ya korongo kulikuwa na mchunga ng'ombe. Nilimwona akisimama. Nilimwona akituangalia: mwanamke wa kigeni mwenye mundu, mama mzee anayefukua kaburi, na mwanamume mmoja asiyejulikana. Nilinyoosha mkono kumsalimu. Akaweka viganja mdomoni, akapiga mwano.

Miguu yangu ilitaka kukimbia bila kuniuliza. Niliizuia, maana anayekimbia mwano amekwisha kujihukumu. Nilimwambia mtafiti aweke mundu chini, mbali naye, na akae. Shangazi alilitua jembe akakaa pia, miguu ameinyoosha mbele kama yuko msibani. Wakaja. Kwanza filimbi, halafu vumbi, halafu watu wenyewe, na marungu, mapanga na pinde. Walitupeleka uwanja wa mnada wa ng'ombe, wakatuvua viatu na kutukalisha juani.

Mtemi alikuwa mwanamume mfupi mwenye koti zito lililofungwa vifungo vyote. Hakupaza sauti. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

"Mmetumwa na duara gani?" aliuliza.

Nilielewa swali. Katika machimbo wapo wanaoamini kwamba mfupa wa mtu huita dhahabu, na wapo walioua kwa imani hiyo. Alikuwa anatuuliza tumemfukulia nani mifupa.

"Hatukutumwa na duara lolote, mtemi. Mimi ni mtoto wa Ushetu, na huyu mama ni shangazi yangu."

"Wote husema hivyo."

"Mchina kamfuata Mchina mwenzake," mtu mmoja alisema nyuma. "Wanarudishana kwao vipande vipande."

Walicheka. Kicheko cha watu wenye marungu hakipoozi kitu.

"Si Mchina," nilisema. "Ni Mkorea. Hata yule wa kaburini ni Mkorea."

"Tofauti iko wapi?"

Mtafiti alinyoosha mkono kama mwanafunzi. Mtemi akamruhusu kwa kidevu.

"Mzee, wewe ni Msukuma. Je, nikikuita Mmasai?"

 Nilitazama chini. Nilimsikia mtemi akivuta pumzi.

"Ningekutoza ng'ombe," alisema. Kisha akanigeukia. "Huyu mgeni ana ulimi. Wewe, mtoto wa Ushetu, nani hakukufundisha kupiga hodi?"

"Kibali tunacho, mtemi, cha kata."

"Kata ililala hapa jana? Nimekuuliza habari ya hodi."

 Akaamuru vijana wakapekue nyumba ya shangazi. Shangazi aliniinamia kidogo, akasema polepole, "Baba, watakuta ile mboga."

Sikumwelewa. Nilidhani hofu imemchanganya.

Walirudi wamebeba chungu kikubwa kwa mti, wawili, wamekiweka mbali na miili yao kama wamebeba nyoka. Kilikuwa na udongo mbichi pande zote.

"Kilikuwa kimezikwa, mtemi. Nyuma ya jiko, chini ya jiwe."

Waliokuwa karibu walirudi nyuma. Mtemi aliondoa kifuniko kwa ncha ya fimbo. Ndani kulikuwa na kitu chekundu, kinang'aa, na harufu ilitoka kali ya kuchacha, kitu kama samaki na kitu kama siki. Mtu akasema, "Damu." Hakusema kwa sauti, lakini neno lilitembea. Niliona linavyotoka mdomo hadi mdomo, na kila linapopita mkono unakaza rungu. Nilimwona bibi wa utotoni mlangoni pake. Nilianza kutafuta kwa macho njia ambayo shangazi angeweza kupita, mama wa miaka sabini na miguu ya kuvimba, na hapakuwa na njia.

Mtafiti akainuka bila kuruhusiwa. Kijana mmoja akanyanyua rungu juu ya kichwa chake. Mtafiti hakumwona, au alimwona akapuuza. Alipiga magoti mbele ya chungu, akanusa, akatumbukiza mkono mpaka kifundo, akatoa jani refu jekundu linalodondoka maji. Akalila.

Hakuna aliyesogea. Alitafuna kwa muda mrefu. Machozi yakamtoka, na mimi nikadhani ni pilipili.

"Ni kabichi," alisema. "Kabichi, chumvi, pilipili, vitunguu saumu na dagaa. Kwetu kila nyumba ilikuwa ikizika vyungu hivi kabla ya baridi kali. Bibi yangu alizika." Akamgeukia shangazi. "Nani alikufundisha, shangazi?"

"Nani tena? Yeye. Wachimbaji walimfukuza na ndoo yake, wakasema inanuka. Nikampa nafasi nyuma ya jiko. Akasema joto la huku litaiharibu, tuizike. Nikazoea. Nikaendelea kutengeneza, lakini kwa kificho, maana harufu yake ni ya aibu."

"Kula," mtemi alimwambia. Shangazi akala. "Na wewe, mtoto wa Ushetu."

Nilichukua kipande. Mdomo wangu ulikuwa mkavu kama gunia, na kabichi ilikaa kooni, haipandi haishuki. Wote walikuwa wanatazama koo langu. Nilijua kwamba nikikohoa, nikitema, tumekwisha. Nilifumba macho nikaisukuma, ikashuka inawaka. Mtemi aligonga chungu kwa fimbo yake.

"Mgeni ameeleweka," alisema. "Amekuja kumpalilia ndugu wa watu, amekosea mlango. Huyu mama ndiye sijamwelewa. Kabila si lake, ukoo si wake. Walinzi wangu wa usiku wamemwona akipalilia gizani. Kwa nini?"

Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Siku ile mgeni alikuwa amekuja, na mwenyeji ndiye aliyebaki kizimbani.

Shangazi hakujitetea. Alizungumza akitazama miguu yake. "Mnamjua mwanangu. Aliondoka na wenzake kwenda machimbo ya ng'ambo, Msumbiji huko, na wenzake wakarudi. Sijui kama anaishi. Kama hayuko hai, amelala kwa watu. Nikampalilia huyu wa watu aliyelala kwangu, ili na huko mama mmoja ampalilie wangu. Basi."

Binamu yangu huyo nilimfundisha mimi kazi ya shimoni. Nilijua alivyoondoka. Sikuwahi kujua kwamba mama yake alikuwa anamzungumzia na majani.

Mtemi alikuna shingo. Aliita jirani wa karibu, mama wa Kigoma aliyeuza dagaa, ambaye, shangazi alikuwa ameniambia, hawasalimiani naye tangu mbuzi wa mmoja alipokula mchicha wa mwingine.

"Wewe unalala ukuta wa pili. Umewahi kusikia nini kwake?"

Mama muuza dagaa alijifunga khanga upya. Alimwangalia shangazi kuanzia miguuni hadi kichwani. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha.

"Nimesikia harufu," alisema. "Nikadhani ni dagaa wangu wameoza. Nimetupa madebe mangapi ya dagaa wazima kwa ajili ya mboga ya huyu mama?"

Kicheko cha safari hii kilikuwa kingine. Hata mtemi alifungua kifungo kimoja cha koti. Lakini hukumu yake haikuwa nyepesi. Kaburi lisipaliliwe tena kwa kificho. Mvua zikikatika, itatangazwa siku, jua likiwa juu, na anayetaka aje na jembe. "Wakija watu," alisema, "ni kaburi la kijiji. Asipokuja mtu, tutajua kijiji kinasema nini, na mama atafungasha."

Mtafiti aliondoka na kikopo chake cha udongo. Stendi ya Kahama aliniuliza kama shangazi atakuwa salama. Nilisema ndiyo, kwa kuwa basi lilikuwa linawashwa.

Nilirudi kwa shangazi nikafunga komeo la chuma mlangoni. Nilimwomba twende Ushetu. "Mwanangu akirudi ataulizia hapa," alijibu, na hatukulizungumza tena. Kwa hiyo mimi, nisiyekaa, nikakaa. Nililima mahindi yake. Kila mtu aliyepita njiani nilimhesabia fimbo aliyoshika. Barabara ya Geita ilikuwa inaniita, nilisikia malori yake, lakini nilimfikiria bibi wa utotoni nikabaki. Wanawake kisimani walimsalimu shangazi kwa ufupi, na sikujua ni haya au ni kitu kingine. Mtafiti alinitumia picha kwa simu: ajuza aliyeinama hadi chini mbele ya tuta la majani mafupi, kikopo kikiwa pembeni kitupu. Nilimwonyesha shangazi. Aliitazama, akasema, "Wabeja," asante ya Kisukuma, kama vile yule ajuza anamsikia.

Mvua zikakatika. Siku ikatangazwa. Tulikwenda wawili, na majembe mawili. Majani yalikuwa yamefika magotini. Shangazi alianza kulima bila kuangalia nyuma. Mimi niliangalia nyuma tu. Njia ilikuwa nyeupe na tupu, na jua lilikuwa limeshapita utosini. Ng'ambo ya korongo yule mchunga ng'ombe alisimama na kututazama kama mara ya kwanza. Nilikuwa nimeshaanza kupanga kichwani tutabeba nini na tutaacha nini.

Alitokea upande wa korongo, siyo njiani, jembe begani, amefunga khanga kwa hasira. Alikuwa mama muuza dagaa. Nyuma yake walikuja wanawake wengine, na mmoja alibeba mtoto. Hakuna aliyesalimia. Mama muuza dagaa alisimama juu ya shangazi, akaitazama kazi yake.

"Sogea huko," alimwambia. "Hivi ndivyo unavyopalilia? Mizizi yote unaiacha."

Shangazi alisogea. Nilikaa chini kwenye jiwe la kwarzi, nikasikiliza majembe yakigonga ardhi, na bado jicho langu moja lilibaki njiani.